Kabla Hujanunua Kopo Jingine la Mafuta

Uliyeko Musoma mjini, uliyeko Bunda, uliyeko Butiama, na wewe uliyeko mwaloni na redio yako ya simu, karibu tuzungumze. Mazungumzo ya leo ni ya uso: namna ya kuutunza kwa kufuata aina ya ngozi uliyozaliwa nayo. Na kabla sijataja mafuta, sabuni wala krimu yoyote, nina kazi ndogo ya kukupa.

Kesho ukipata nafasi, nawa uso kwa maji safi na sabuni laini ya kuogea. Jikaushe kwa kugandamiza taulo taratibu, bila kusugua. Halafu usipake kitu. Usipake mafuta, usipake losheni wala poda. Endelea na shughuli zako ndani ya nyumba au kivulini kwa muda wa saa 1. Baada ya hapo simama mbele ya kioo penye mwanga wa dirisha, chukua karatasi laini, gandamiza kwenye paji la uso, kisha puani, kidevuni, na mwisho kwenye mashavu.

Kama ngozi inavuta, ukitabasamu unaisikia inabana, na imepauka kando ya pua na mdomo, basi ngozi yako ni kavu. Kama karatasi imelowa mafuta kila ulipogandamiza, ngozi yako ni ya mafuta. Kama paji, pua na kidevu vinang'aa lakini mashavu yamekauka, hiyo ni ngozi mchanganyiko, na watu wengi wanaangukia hapo. Isipovuta wala kung'aa, ni ya kawaida, mshukuru Mungu. Wapo pia wenye ngozi nyeti, wale ambao kila wakipaka kitu kipya wanawashwa, wanachomwa au wanatoka vipele. Hao wanaweza kuwa na ngozi kavu au ya mafuta, vyote viwili vinawezekana. Na jibu la leo si la maisha. Ngozi ya msichana wa miaka 16 haitakuwa ile ile akifika 45. Ujauzito unaibadilisha, na upepo wa kiangazi unaikausha hata ile iliyokuwa iking'aa wakati wa masika.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu sisi huanzia mwisho. Tunamwona jirani amependeza, tunamuuliza anapaka nini, jioni tunapita dukani tunanunua kopo lile lile. Yeye ngozi yake kavu, yangu ya mafuta. Mwezi haujaisha nina vipele paji zima. Nikienda kuomba ushauri napewa kopo la pili la kuondoa vipele, kisha la tatu la kuondoa madoa yaliyoachwa na vipele. Mimi naamini nyuso nyingi zinazoharibika mkoani kwetu Mara haziharibiwi na kukosa vipodozi. Zinaharibiwa na vipodozi vilivyoongezwa juu ya ngozi ambayo haikuvihitaji.

Tuanze na kunawa. Uso unaoshwa mara 2 kwa siku, asubuhi na jioni, na mara moja zaidi kama umetoka jasho jingi. Tatizo kubwa hapa ni sabuni. Nyumba nyingi zina sabuni ya mche, ile tunayoikata vipande, na kipande hicho hicho kinafua nguo, kinaosha vyombo, kinaogesha watoto. Ni sabuni nzuri kwa sufuria. Kwa uso ni kali. Ngozi ya uso ina uchachu kidogo, kwenye kipimo cha uchachu kinachoanzia 0 hadi 14, ambako namba ndogo ndiyo chachu zaidi, inakaa kati ya 4 na 6, na uchachu huo ndio unaosaidia kuzuia vijidudu na kuhifadhi maji ndani ya ngozi. Sabuni za namna hiyo hufika 9 au 10. Ukiosha uso nayo kila siku unaondoa jasho na uchafu, sawa, lakini unaondoa pia mafuta ya asili yanayoishikilia ngozi. Ule ukakasi unaousikia baada ya kunawa, ambao wengi wetu tumefundishwa kuuita usafi, ni dalili ya ngozi iliyovuliwa kinga yake. Mwenye ngozi kavu atafute sabuni laini, ya watoto au yenye glisirini, isiyo na manukato makali, na asubuhi anaweza kunawa kwa maji matupu. Mwenye ngozi ya mafuta anahitaji sabuni kila mara, lakini laini vilevile. Sabuni za dawa zenye harufu ya hospitali si za kila mtu wala si za kila siku.

Dodoki liache kwa ajili ya mgongo na miguu. Usoni vidole vinatosha. Chunusi iliyosuguliwa na dodoki inapasuka chini ya ngozi, na kwa sisi weusi kila jeraha dogo la uso huacha doa jeusi linalokaa miezi.

Kuhusu maji yenyewe, kuna jambo la wenzangu wa kando ya ziwa. Ziwa letu, Victoria, lina kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa majini na kuingia mwilini kupitia ngozi, bila kidonda chochote. Kwa hiyo kuinama kwenye maji ya kina kifupi kando ya majani ukanawa uso, mikono na miguu ni kujiweka mlangoni pa ugonjwa. Ukichota maji ziwani, yaache yakae kwenye ndoo yenye mfuniko siku 2, au yachemshe. Vijidudu vile vikikosa mwili wa kuingia kwa muda huo hufa.

Baada ya kunawa ni kupaka. Hapa nataka niseme kwa upole, kwa sababu nagusa mapenzi ya mama zetu. Mtoto wa Mara hatoki kwenda shule akiwa amepauka. Mama atamshika kidevu, atampaka mafuta uso, shingo, mikono na magoti mpaka ang'ae, na jirani akimwona ajue mtoto huyu ana mtu nyumbani. Kwenye nyumba za wafugaji mafuta hayo yalikuwa samli. Siku hizi ni mafuta ya mgando. Desturi hiyo ni njema, na kwa ngozi ya mtoto ni sahihi pia, maana ngozi ya mtoto hukauka haraka.

Mafuta ya mgando yana historia yake. Mkemia mmoja wa Marekani, Robert Chesebrough, aliyatengeneza kutokana na uchafu mzito uliokuwa ukiganda kwenye mitambo ya visima vya petroli, akayasajili mwaka 1872 kwa jina la Vaseline. Yanavyofanya kazi ni rahisi kuelewa: hayaongezi maji kwenye ngozi, yanazuia yaliyomo yasitoke. Ndiyo maana ukiyapaka kwenye uso uliokauka kabisa yanateleza tu juu. Yapake uso ukiwa bado na unyevu, dakika 2 au 3 tangu unawe, na uchukue kidogo, kiasi cha punje ya harage kwa uso mzima. Mwenye ngozi kavu hana haja ya kutafuta kitu cha bei kubwa kuliko hicho. Glisirini nayo inafaa, ila usiipake kavu kutoka kwenye chupa. Kazi yake ni kuvuta maji, na ikipakwa nzito wakati wa upepo mkavu huweza kuyavuta kutoka ndani ya ngozi yako mwenyewe. Ichanganye na maji safi, glisirini sehemu 1 na maji sehemu 2, utengeneze kidogo kidogo cha kutumia siku chache.

Shida inaanza mtoto yule akifika balehe. Tezi za mafuta za usoni zinaamka, ngozi inajipaka yenyewe, lakini mkono umeshazoea kopo. Anaendelea kupaka vilevile, au anahamia kwenye mafuta ya nazi na siagi ya kakao, ambayo yana sifa ya kuziba vinyweleo kuliko hata mafuta ya mgando yaliyosafishwa vizuri. Mwenye ngozi ya mafuta achague losheni nyepesi, ya maji maji, na aipake pale tu panapokauka. Mwenye ngozi mchanganyiko anaweza kupaka mashavu akaacha paji na pua. Hakuna sheria inayosema uso wote upakwe sawasawa.

Dada zangu wenye chunusi zilizojipanga kwenye paji, kando ya nywele, na usoni kwingine hamna kitu, angalieni kichwani. Mafuta ya nywele, yale mazito ya kulainishia msuko, hushuka na jasho hadi kwenye paji na panja. Madaktari wa ngozi wameyaeleza haya tangu mwaka 1970. Paka mafuta kwenye ngozi ya kichwa kwa ncha ya kidole, acha upana wa vidole 2 kutoka kwenye paji, na ufue foronya yako kila wiki. Wako waliopona kwa hilo tu.

Na kaka zangu, mnaotoka saluni shingo na kidevu vimejaa vipele vigumu: mara nyingi hivyo si chunusi. Ni nywele zetu za kipilipili. Zikinyolewa chini sana, ncha inajikunja na kurudi ndani ya ngozi, na mwili unaipiga vita kama mwiba. Mwambie kinyozi aache urefu kidogo, anyoe kwa kufuata nywele zinakolalia, na mashine aisafishe kwa spiriti mbele yako. Ukiweza kuacha ndevu kwa mwezi 1, vipele vingi vitatulia vyenyewe.

Sasa tuje kwenye jua, na hapa nitakaa kidogo.

Musoma iko chini ya nyuzi 2 kusini mwa ikweta. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Butiama iko juu zaidi. Kadiri unavyopanda, hewa ya kuchuja mionzi inapungua. Kila mita 1,000 mionzi inayochoma ngozi huongezeka kwa karibu asilimia 10. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha ukali wa mionzi hiyo, na kuanzia 11 kwenda juu huita kali kupita kiasi. Saa za mchana kwetu, namba hizo ni jambo la kawaida kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mawingu mepesi hayazuii.

Wafikirie kina mama wanaoanika dagaa. Boti zimerudi alfajiri, dagaa wanatandazwa mchangani au kwenye chanja, na jua linalokausha dagaa vizuri ndilo hilo hilo linalowapiga wao usoni tangu asubuhi hadi mchana, wakiwa wameinama. Mchanga mkavu hurudisha juu karibu asilimia 15 ya mionzi, kwa hiyo hata mwenye kanga kichwani anapigwa kutoka chini. Wafikirie wachuma pamba wa Bunda, vijana wa bodaboda, askari wa barabarani, dereva ambaye shavu la upande wa dirisha limekuwa jeusi kuliko lingine kwa kuwa kioo cha gari hakizuii mionzi yote.

Ngozi nyeusi ina kinga yake. Watu weusi na weupe wana seli za kutengeneza rangi zinazokaribiana kwa idadi. Tofauti iko kwenye wingi wa rangi hiyo, melanini, na jinsi inavyopangwa. Melanini ya ngozi nyeusi inafanya kazi kama losheni ya kukinga jua ya kipimo cha SPF 13 hivi. Ni kinga nzuri dhidi ya kuungua na dhidi ya saratani ya ngozi. Haitoshi dhidi ya madoa. Mabaka ya kahawia yanayojitokeza mashavuni na juu ya mdomo wakati wa ujauzito, au kwa mtumiaji wa uzazi wa mpango wa homoni, yanapata nguvu kutoka kwenye jua. Doa la chunusi ambalo lingefifia kwa miezi 3 linakaa mwaka kwa sababu kila mchana jua linalipaka wino mpya.

Najua losheni ya kukinga jua ina bei. Sitakwambia kila mtu aende akanunue. Kofia pana ya ukili, kanga iliyotokeza mbele kama kibaraza, kivuli cha mwembe kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri kwa mwenye uwezo wa kupanga kazi yake: hivyo vinafanya kazi kubwa. Mwenye madoa yanayomsumbua, au anayetumia dawa ya chunusi aliyopewa hospitali, huyo ndiye ningemshauri atafute pesa ya losheni ya SPF 30. Losheni hiyo inazuia karibu asilimia 97 ya mionzi inayounguza, ikipakwa ya kutosha, yaani mistari 2 kwenye urefu wa vidole 2 kwa uso na shingo, na kurudiwa kila baada ya saa 2 ukiwa nje. Kwa mabaka ya mashavuni, losheni yenye rangi ya ngozi ni bora kuliko nyeupe, kwa kuwa mwanga wa kawaida wa jua nao huyachochea mabaka hayo, na ile rangi ndiyo inayouzuia.

Lakini wapo ndugu zetu ambao kwao losheni hii si urembo hata kidogo. Ndugu mwenye ualbino hana ile kinga ya melanini, na saratani ya ngozi humwanza akiwa kijana. Kanda yetu ya Ziwa ina deni kubwa kwa watu hawa kwa mauaji waliyofanyiwa, tunalijua wote, na sehemu ya deni hilo ni kofia na losheni. Pale Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, na hapo hapo, kwa juhudi za mfamasia kutoka Hispania anayeitwa Mafalda Soto na Watanzania aliofanya nao kazi, ikaanza kutengenezwa losheni ya KiliSun kwa ajili ya watu wenye ualbino, iliyopimwa kwa hali ya hewa yetu, na hutolewa bure kupitia kliniki. Mwalimu mwenye mwanafunzi mwenye ualbino, muulizie kituo cha afya habari za losheni hiyo. Mkalishe darasani mbali na dirisha. Usimpange kwenye paredi ya mchana.

Sasa chunusi, maana ndipo njia inapogawanyika. Chunusi hutokea kinyweleo kikiziba, mafuta yakabaki ndani, bakteria wakaongezeka na ngozi ikavimba. Tiba yake ipo na inajulikana. Duka la dawa lenye mfamasia litakuwa na krimu ya benzoili peroksaidi. Anza na asilimia 2.5 au 5, usiku, safu nyembamba, na ujue inatoa rangi kwenye foronya. Hospitali zina dawa nyingine zenye nguvu zaidi, na baadhi yake haziruhusiwi kabisa kwa mjamzito, kwa hiyo sema ukweli ukiulizwa. Jambo ambalo hakuna anayelisema dukani ni kwamba tiba hiyo huchukua wiki 8 hadi 12 kuonyesha kazi. Wiki ya pili unakuwa bado na chunusi, na pengine ngozi imekauka kidogo. Wengi huacha hapo.

Wengine huchukua ndimu. Ndimu kwenye uso, kisha jua la Musoma, inaweza kuunguza ngozi na kuacha baka jeusi baya kuliko chunusi iliyokuwapo. Dawa ya meno nayo inachoma. Viache vyote viwili mezani.

Na wengine huletewa kopo lisilo na nembo, au wanachanganyiwa kitu saluni. Mkorogo. Mtafiti Kelly Lewis na wenzake waliwahi kuwahoji wanawake wa Dar es Salaam wanaojichubua, na wakachapisha matokeo mwaka 2011. Miongoni mwa sababu walizopewa, pamoja na kumpendeza mume na kuonekana mrembo, ilikuwamo hii: kuondoa chunusi na vipele, kupata ngozi laini. Naomba tuisikie sababu hiyo kwa makini kabla ya kumcheka mtu. Wengi hawakuamka asubuhi moja wakataka kuwa weupe. Walitaka doa liondoke.

Ndani ya mkorogo kuna vitu vitatu vya kuogopa. Cha kwanza ni haidrokwinoni, ambayo inang'arisha mwanzoni, na baada ya miaka ya matumizi huleta weusi wa bluu mashavuni usiotoka tena. Daktari wa Afrika Kusini, Findlay, aliueleza mwaka 1975. Cha pili ni dawa kali za steroidi, kama klobetasoli na betamethasoni. Hizi ni dawa halali za magonjwa, zinauzwa kwenye tyubu ndogo kila duka la dawa, na tatizo ni kuzipaka usoni miezi na miaka. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, vipele vinazidi, na ukiacha ghafla uso unawaka moto.

Cha tatu ni zebaki. Na hiki, watu wa Mara, tunakijua kwa macho yetu. Nenda Buhemba, Wilaya ya Butiama, kwenye mialo ya wachimbaji wadogo. Mawe yamesagwa kwenye karasha, mchanga umeoshwa, sasa mama anamimina zebaki kwenye beseni, anachanganya kwa mikono mitupu, zebaki inakamata dhahabu, bonge linachomwa motoni, moshi unapaa, dhahabu inabaki. Kila mwenyeji pale ameshaambiwa kwamba ule moshi ni sumu. Metali hiyo hiyo, ikiwa katika umbo la chumvi, ndiyo iliyomo kwenye baadhi ya krimu na sabuni za kung'arisha. Inazuia seli zisitengeneze melanini, ndiyo maana uso unakuwa mweupe. Kisha inapita kwenye ngozi, inaingia kwenye damu na kukaa kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika habari za wagonjwa 60 wa figo waliovimba mwili, na zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Wengine walipata nafuu walipoacha. Miaka zaidi ya 50 imepita tangu hapo. Tena zebaki haibaki kwa mpakaji peke yake. Taulo moja, shuka moja, mkono unaomshika mtoto anayenyonya, na mtoto naye anaipata.

Nchi yetu imepambana na jambo hili muda mrefu. Mwaka 1968, Mwalimu Nyerere akiwa Rais, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969, kupiga marufuku minisketi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Siungi mkono yote yaliyofanyika humo, kwa sababu kuna wasichana waliodhalilishwa barabarani kwa jina la utamaduni, na mwanamke aliyeaibishwa hafundishwi kitu. Marufuku ya sasa inasimama kwenye afya. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimekatazwa nchini, usimamizi wake ulikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, na tangu mwaka 2019 uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Tanzania pia ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unaohusu zebaki, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuiondoa kabisa kwenye vipodozi. Sheria ipo. Lakini Mara ina mpaka, ina ziwa, ina boti, na kopo ni kitu kidogo cha kuficha.

Kwa hiyo tujikague wenyewe. Kopo lisiloandika vilivyomo, liache. Lenye maneno ya kuahidi weupe ndani ya siku 7, liache. Likiandikwa kwamba usiliweke karibu na pete au mkufu wa dhahabu au fedha, lisogeze mbali nawe upesi, kwa maana zebaki inajulikana kwa kushika madini hayo, kama wanavyojua wenyeji wa Buhemba. Na kama tayari unatumia, dada yangu, sina neno la kukulaumu. Zebaki na haidrokwinoni acha leo. Kama ni tyubu ya steroidi uliyopaka kwa miezi mingi, usikate ghafla. Nenda hospitali wakupunguzie hatua kwa hatua. Mjamzito asingoje.

Ukishajua ngozi yako, ratiba yenyewe ni fupi. Ngozi kavu: asubuhi maji, mafuta kwenye unyevu, kofia, jioni sabuni laini na mafuta tena, mengi kidogo kuliko ya asubuhi. Ngozi ya mafuta: sabuni laini mara 2, losheni nyepesi au usipake kabisa panapong'aa, na dawa ya chunusi usiku kama unazo. Mchanganyiko: fanya hayo yote mawili, kila moja mahali pake. Ngozi nyeti: vitu vichache, visivyo na manukato. Kitu chochote kipya kijaribu kwanza chini ya taya au ndani ya kiwiko kwa siku 3 au 4, na usianze vitu 2 kwa mpigo, maana ukitoka vipele hutajua mchawi ni yupi.

Nimalizie na yale ambayo si ya kupaka nyumbani. Kidonda au kinundu kwa mwenye ualbino kisichopona ndani ya mwezi 1. Duara lenye magamba pembeni linalozidi kutanuka kila ukipaka krimu ya steroidi. Hilo mara nyingi ni fangasi, na krimu hiyo inailisha. Na baka lililofifia rangi, usoni au popote mwilini, ambalo ukiligusa kwa pamba hulisikii: huo unaweza kuwa ukoma, unapona kabisa, na dawa zake hutolewa bure katika hospitali zetu. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, Bunda au Butiama. Wakishindwa watakuandikia kwenda hospitali ya Kwangwa hapa Musoma, na ikibidi hospitali ya Bugando kule Mwanza. Siku ya kwenda nawa uso, usipake kitu, ili daktari aione ngozi yenyewe. Na beba makopo yote unayotumia kwenye mfuko, hata lile lisilo na nembo, uyaweke mezani mbele yake.